Tuliza Akili, Lakini Dawa Ziwepo

Mwaka 1991 jarida la udaktari la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya. Mtafiti Feksi na wenzake walikuwa wamewatafuta watu wenye kifafa, mjini na mashambani, ambao hawakuwa kwenye dawa yoyote. Walipata 302, wakawagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa phenobarbitone, jingine carbamazepine. Kazi yenyewe iliegemea huduma za afya za msingi, si wodi za hospitali kubwa. Wagonjwa 249 walikamilisha mwaka mzima. Katika miezi sita ya mwisho zaidi ya nusu yao hawakuanguka hata mara moja, na takriban robo wengine walipata nafuu kubwa. Phenobarbitone haikuwa dawa ngeni wala ghali. Imetumika kutibu kifafa tangu 1912.

Nimetanguliza utafiti huo kwa makusudi. Mazungumzo ya siku hizi kuhusu kutafakari, yoga na kupambana na msongo wa mawazo huanzia kwa mgonjwa mwenyewe, kichwani mwake, jinsi anavyowaza. Kijana wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, mwenye kifafa akifungua simu atakuta video ya mtu aliyekunja miguu akimwagiza avute pumzi. Akienda kanisani ataambiwa amwachie Mungu mzigo. Akirudi nyumbani mama atamwambia, "Wacha kufikiria sana, ndiyo maana unaanguka." Ukichuja maneno, wote watatu wanasema jambo moja. Jambo hilo lina ukweli, ila ni ukweli wa kiasi, na kiasi hicho kinafaa kupimwa kabla hakijageuzwa kuwa lawama.

Kifafa si ugonjwa wa mawazo. Ni hali ya ubongo ambamo chembe za neva, kwa ghafla na kwa pamoja, hurusha umeme kupita kiasi. Chanzo kinaweza kuwa jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika ubongoni, kurithi, au kitu kisichogundulika kamwe. Msongo wa mawazo haumo kwenye orodha hiyo. Nafasi yake iko kwingine: kwa mtu ambaye tayari ana kifafa, unaweza kuwa kichocheo cha kuanguka leo badala ya mwezi ujao. Wagonjwa wanapoulizwa, nchi baada ya nchi, ni kitu gani huwaangusha, msongo ndio unaotajwa zaidi kuliko vyote, ukifuatwa kwa karibu na kukosa usingizi.

Ila jibu la mgonjwa lina mitego yake. Mtu aliyefiwa hulala saa mbili kwa usiku, hasahau huzuni lakini husahau vidonge, na pengine hunywa pombe. Akianguka siku ya mazishi atasema ni mawazo. Huenda ni usingizi, huenda ni dozi tatu zilizorukwa. Tena kuna watu ambao kifafa chao huanzia sehemu ya ubongo inayohusika na hofu: woga wa ghafla usio na sababu, tumbo kupanda hadi kooni, moyo kwenda mbio, kisha giza. Mtu huyo atakuapia kwamba aliogopa ndipo akaanguka, kumbe ile hofu yenyewe ilikuwa kifafa kimeshaanza. Ndiyo maana daktari mwangalifu haridhiki na neno "stress" peke yake. Huuliza: ulilala saa ngapi, ulikula nini, kidonge cha mwisho ulimeza lini?

Sasa tuangalie msongo wenyewe, kwa sababu wa Nakuru una sura yake. Naivasha kuna mashamba ya maua, na kila Januari kazi huongezeka sana, maua ya tarehe 14 Februari yakikatwa, yakipangwa na kufungwa kwenda Ulaya. Saa za ziada ni pesa, na Januari ndiyo hiyo ya karo. Mfanyakazi mwenye kifafa ambaye hajamwambia msimamizi wake ana mambo mawili ya kuchagua, yote mabaya: akatae saa za ziada akose karo, au azikubali apoteze usingizi na aanguke mbele ya wenzake kwenye ukumbi wa kupangia maua. Soja wa usiku mtaani Section 58 na utingo anayeamka saa tisa za usiku kuwahi gari la kwanza la Molo wako katika hesabu hiyohiyo. Kumwambia mtu kama huyo atafakari dakika kumi kila jioni si ushauri mbaya. Ni ushauri unaozunguka tatizo bila kuligusa.

Juu ya hayo kuna aibu. Bado wapo wanaoamini kwamba kifafa huambukiza kwa povu la mdomoni, na kwa hiyo mtu akianguka stendi ya matatu watu hurudi nyuma badala ya kusogea na kumgeuza alale kwa ubavu. Wengine humkimbilia na kijiko wamtie mdomoni, jambo linaloweza kumvunja meno. Msichana huungua kwa jiko la makaa, na makovu yake huwa cheti cha ugonjwa anachokitembeza maisha yote. Uchumba huvunjika. Mtoto huondolewa shuleni "mpaka apone". Uchunguzi wa Kaamugisha na Feksi wa 1988 katika viunga vya mji wa Nakuru ulikadiria kwamba karibu watu 18 kwa kila 1,000 walikuwa na kifafa. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi mia tano ingekuwa na kama tisa. Ugonjwa haukuwa adimu. Waliofichwa ndio wengi. Na kuficha ni kazi ya kutwa, kazi inayochosha kuliko ugonjwa wenyewe. Haishangazi kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye kifafa ana sonona pia.

Kwa hiyo, je, kutuliza akili kunapunguza kuanguka? Ushahidi upo, ingawa ni mwembamba. Wapitiaji wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyachuja, walipochunguza yoga na kifafa walibaki na majaribio mawili tu yanayostahili, yenye washiriki 50 kwa jumla, wakakataa kutoa hukumu. Moja ya hayo lilifanyika India, na kikundi cha mtafiti Lundgren. Kikundi hichohicho, mwaka 2006, kilikuwa kimechapisha jaribio jingine, la Afrika Kusini. Watu 27 ambao dawa hazikuwa zimewatosha waligawanywa: wengine walipata saa tisa za mafunzo ya kuikubali hali yao na kuendelea na maisha wanayoyathamini, wengine walipata mazungumzo ya kuwatia moyo tu. Wote waliendelea na vidonge vyao. Mwaka mmoja baadaye kundi la kwanza lilikuwa linaanguka mara chache zaidi. Ni watu 27, tusiwafanye taifa, lakini ni Waafrika katika kituo cha Kiafrika, na saa tisa si gharama ya kutisha.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Marekani, lililochapishwa na Haut na wenzake mwaka 2018. Walichukua watu 66 ambao kifafa chao kilikuwa sugu. Nusu walifundishwa kukaza na kulegeza misuli, kundi baada ya kundi. Nusu nyingine walifanya mijongeo ileile bila kuambiwa walegee, na kazi ndogondogo za kuelekeza umakini, kama vile kuandika walichokifanya jana. Wote walijaza shajara ya kila siku: nimelalaje, nina msongo kiasi gani, nimeanguka au la. Matokeo? Katika kundi la misuli kuanguka kulipungua kwa asilimia 29, na katika kundi la pili kwa asilimia 25. Tofauti hiyo haina maana kitakwimu. Wako waliosoma hapo kwamba zoezi limeshindwa. Mimi nasoma vingine: makundi yote mawili yalipata nafuu, na yaliyokuwa nayo kwa pamoja ni ratiba, daftari, na mtu anayeuliza umeendeleaje. Inawezekana sehemu fulani ya nafuu ni ile ya kawaida, kwamba mtu huingia katika utafiti wakati hali yake ni mbaya kisha hurudi katika wastani wake. Hata hivyo, kwa nchi yenye madaktari bingwa wa neva wachache kama Kenya, kitu kinachoweza kufanywa kwa daftari la shilingi hamsini hakifai kupuuzwa.

India nao, mwaka 2023, walitoa matokeo ya jaribio la watu 160 jijini Delhi, yoga halisi dhidi ya yoga ya kuigiza. Waliofanya yoga halisi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nne wa kupunguza kuanguka kwa zaidi ya nusu. Lakini lengo kuu la watafiti halikuwa hilo. Walikuwa wakipima aibu, namna mgonjwa anavyojiona, na hiyo ndiyo iliyopungua. Hapa naona ndipo penye thamani ya mambo haya kwetu. Anayetegemea kutafakari kumponya kifafa atavunjika moyo. Anayetaka apate usingizi, apunguze hofu ya kutoka nje na aweze kukaa na watu bila kujikunja, ana sababu ya kujaribu.

Lakini kutafakari si jambo ambalo watu wa Bonde la Ufa wanangoja waletewe. Kreta ya Menengai, juu tu ya mji wa Nakuru, ina mapango ambamo waumini hushuka kufunga na kuomba, wengine kwa siku kadhaa. Subukia kuna Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria, na kila Oktoba mahujaji hupanda huko kwa maelfu na kuteka maji ya chemchemi. Makanisa ya mitaa ya Rhonda na Free Area yana kesha za Ijumaa. Ukitaka kuona umati wa watu wakitua mizigo yao ya moyo kwa wakati mmoja, nenda kesha. Wanalia, wanaimba, wanatikisika, wanatulia. Mwenye kifafa hutoka huko akiwa na moyo mwepesi, na sina nia ya kumdhihaki.

Tatizo ni saa. Kesha huanza saa tatu usiku na kwisha saa kumi na moja alfajiri. Mgonjwa wa carbamazepine anayemeza asubuhi na jioni ameacha vidonge nyumbani, au ameviacha makusudi kwa sababu kumeza kungeonekana kama kukosa imani. Amefunga tangu alfajiri. Hajalala. Ngoma na vyombo vimepigwa usiku kucha. Amepiga makelele ya sifa huku akihema kwa kasi, na kuhema kwa kasi ndiko mgonjwa anakoamriwa kufanya kwenye kipimo cha umeme wa ubongo ili kifafa kijitokeze kionekane. Ukikaa chini ukapanga njia ya kumwangusha mtu mwenye kifafa, hungepanga vizuri kuliko hivyo. Akianguka saa tisa usiku, mchungaji anakemea pepo, na kila aliyepo anaondoka na uhakika kwamba ugonjwa ule ni wa kiroho.

Lawama haimwangukii mchungaji peke yake. Mara nyingi kliniki haijawahi kuzungumza naye. Mambo machache yangetosha: kesha iwe na ruhusa ya kuondoka saa nne usiku bila mtu kunyooshewa kidole, dawa zimezwe pale pale kanisani, mgonjwa asifunge chakula na dawa kwa pamoja. Waislamu wa mtaa wa Bondeni wana mfano wa kufaa. Dini yao inamsamehe mgonjwa saumu, na anayetaka kufunga hata hivyo anaweza kujadiliana na daktari wake kabla ya Ramadhani. Phenobarbitone hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo humezwa mara moja tu kwa siku, usiku, na ratiba yake haigongani na saumu. Dawa za mara tatu kwa siku ndizo zenye shida. Usingizi wa kuamkia daku unabaki kuwa suala, na unapaswa kufidiwa mchana.

Kuna pia dawa nyingine za msongo zinazouzwa kando ya barabara. Muguka, aina ya miraa, humfanya kijana awe macho na ajihisi hodari, kisha humnyima usingizi wa usiku huo. Chang'aa humlaza, lakini ubongo unapoachiliwa na pombe asubuhi huwa mwepesi kushtuka, na huo ni wakati wa hatari hata kwa mtu asiye na kifafa. Afisa wa kliniki anayeuliza habari za dawa bila kuuliza habari za muguka ameacha nusu ya historia mlangoni.

Zoezi lenyewe la kutuliza mwili si fumbo. Lilibuniwa na daktari Edmund Jacobson wa Chicago karne moja iliyopita, na linafanyika kitandani kabla ya kulala. Unakunja vidole vya miguu kwa nguvu, unahesabu polepole hadi tano, unaviachia. Unasubiri kidogo ili miguu ihisi tofauti kati ya kukazwa na kuachiwa, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo unayojifunza. Halafu vigimbi vya miguu, mapaja, tumbo, ngumi, mabega ukiyapandisha hadi masikioni, mwisho uso wote ukiukunja kama aliyelamba ndimu. Pumzi iingie kwa pua taratibu na itoke kwa muda mrefu zaidi ya ilivyoingia. Robo saa inatosha. Anayelala kitanda kimoja na watoto wawili anaweza kulifanya bila mtu kujua.

Tahadhari ni tatu, na walimu wa mitandaoni hawazitaji. Mazoezi ya kupumua kwa kasi, yanayosifiwa kwa kuamsha mwili, mwenye kifafa asiyaguse. Kufumba macho na kuzama peke yake kwa saa nyingi, hasa bila kula na bila kulala, asikufanye pia. Na asikae ukingoni: si kwenye ukuta wa veranda, si kando ya jiko, si kwenye mawe ya ziwa, hata mandhari ya Ziwa Naivasha yavutie kiasi gani. Akisikia dalili zake za kawaida wakati wa zoezi, aache, alale chini kwa ubavu, amwite mtu. Mshtuko ukipita dakika tano bila kukoma, ni safari ya hospitali, si ya kungoja.

Wapo wagonjwa ambao kwao mazungumzo haya yanageuka kabisa. Hawa huanguka, hutikisika, hupotewa na fahamu, na kipimo cha umeme wa ubongo wakati wa tukio hakionyeshi kifafa. Hawajifanyi. Ni mwili unaoitikia jambo ambalo akili haijaweza kulibeba, mara nyingi kiwewe cha zamani. Nakuru ina viwewe vya kutosha. Watu waliochomewa nyumba Molo na Naivasha baada ya uchaguzi wa 2007, wakalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwaka 2008, leo ni wazazi, na waliokuwa watoto kambini sasa ni watu wazima. Mtu wa aina hii akiongezewa vidonge kila mwezi hapati nafuu, anapata usingizi wa mchana tu. Anayemfaa ni mtaalamu wa saikolojia. Hata hapo tusiahidi kupita kiasi: jaribio kubwa la Uingereza la watu 368, lililochapishwa mwaka 2020, liligundua kwamba tiba ya mazungumzo haikupunguza waziwazi idadi ya kuanguka baada ya mwaka, ingawa iliyafanya maisha ya kila siku kuwa mepesi zaidi. Na baadhi ya watu wana hali zote mbili kwa pamoja, jambo linalohitaji mikono yenye uzoefu.

Narudi kwenye dawa, kwa sababu bila hizo haya yote yanakosa mguu wa kusimamia. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba wanayoihitaji. Na tiba yenyewe inaweza kukatika: mgomo wa madaktari wa Kenya wa 2024 ulidumu siku 56. Kwa mwenye shinikizo la damu, kukatizwa dawa ni hatari ya polepole. Kwa mwenye kifafa, kuacha phenobarbitone ghafla kunaweza kuleta mshtuko mfululizo usiokoma, na mshtuko huo huua. Mgonjwa anajua hilo. Kila anapofika dirishani akaambiwa "hakuna, kanunue nje", anarudi nyumbani na hofu ambayo ina sababu halali kabisa. Kumfundisha kupumua badala ya kuhakikisha sanduku la dawa limejaa ni kumkabidhi mzigo wa serikali.

Lakini dawa zikiwepo, kliniki ina nafasi ambayo haitumiki. Siku ya kliniki wagonjwa huketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi mchana, wakingojea dakika tano za kuonana na afisa na kuandikiwa vidonge vilevile. Saa hizo nne za kukaa ndizo zingeweza kubeba zoezi la misuli, likiongozwa na muuguzi au na mgonjwa wa siku nyingi aliyeizoea hali yake. Wagonjwa wenzako ndio watu pekee usiolazimika kuwaficha kitu. Chama cha KAWE, kilichoanzishwa 1982, kimekuwa kikiwakutanisha watu wenye kifafa na familia zao muda mrefu kabla mambo haya hayajawa mtindo. Na wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 hupita nyumba kwa nyumba, mahali ambapo mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma ndipo alipo.

Mgonjwa aje na daftari. Kila siku mstari mmoja: nililala saa hadi saa, vidonge nimemeza au la, msongo leo ni mdogo, wa kati au mkubwa, nimeanguka au la. Baada ya miezi mitatu ukurasa utaonyesha kile ambacho mama, mchungaji na simu walikuwa wakikikisia. Kwa mmoja itabainika kwamba huanguka Jumamosi, baada ya kesha. Kwa mwingine ni wiki ya mwisho ya mwezi, dawa zinapokwisha kabla ya mshahara. Kwa wa tatu itakuwa kweli ni mawazo, ugomvi wa shamba na kaka yake, na huyo ndiye wa kupelekwa kwa mshauri wa saikolojia kwanza.